Gia ya Tatu Iliyokataa Kuingia

Mume wangu alikuwa dresa, kazi yake kusafisha vidonda na kugawa dawa. Alipopangiwa kuwahudumia wavuvi wa Kunduchi akaanza kutafuta pikipiki. Tulikuwa tukikaa Chang'ombe, katika nyumba za watumishi wa serikali, miaka ile ya mwisho mwisho ya utawala wa Mwingereza. Kunduchi iko upande wa pili kabisa wa mji, na baiskeli ilikuwa ikimrudisha nyumbani hana hata hamu ya kula.

Pikipiki aliipata kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Mzungu aliizungusha mara mbili uani kwake, akashuka, akampa mkono. Uani hakuna anayefika gia ya tatu, lakini hilo tulikuja kulifikiria baadaye.

Siku ya kwanza aliyokwenda nayo Kunduchi nilimsikia anarudi kabla sijamwona. Ilikuwa inalia kwa sauti ya juu, sauti moja tu, kama mtu anayepiga kelele bila kuvuta pumzi. Alipoizima, masikio yake yalikuwa bado yanavuma.

"Gia ya kwanza inaingia," alisema. "Ya pili inaingia. Ya tatu haitaki. Nimekwenda na kurudi na gia ya pili. Kinondoni watu walikuwa wanatoka nje kunitazama."

Jirani yetu, mama mmoja wa Kizaramo aliyependa kuja kukaa kibarazani kwetu, aliitazama ile pikipiki akasema, "Hiyo ina mwenyewe. Haijakubali kuhama." Mume wangu alicheka. Mimi sikucheka, ila si kwa sababu ya mashetani. Nilikuwa nikijiuliza: kitu kinachokubali mara mbili, mara ya tatu kinakatazwa na nini?

Mimi tangu utotoni kwetu Upareni nilikuwa mtu wa kufungua vitu. Saa ya ukutani ya misheni niliifungua nikachapwa. Cherehani niliyopewa nilipoolewa niliifungua yote mwezi wa kwanza, si kwamba imeharibika, nilitaka tu kuona uzi wa chini unaukamata vipi wa juu. Mume wangu alikuwa ananijua hivyo. Kwa hiyo Jumamosi aliposhika spana, aliniita mwenyewe. "Njoo, mke wangu, tuitazame wote."

Tulianza na klachi. Yeye aliona kwamba waya wake umelegea, na gia ya kwanza ilikuwa inaingia kwa kukwaruza. Tukaukaza waya. Alipojaribu, kule kukwaruza kukaisha, akatabasamu, akatoka mbio kuelekea barabarani. Punde nikaisikia ile sauti moja ikirudi.

"Ya tatu?"

"Haitaki."

Tukasema labda ni oili. Alipofungua nati ya chini ya giaboksi hakikutoka kitu, mpaka tulipochokonoa kwa kijiti ikaanza kushuka grisi nzito, nyeusi, taratibu kama asali. Tulidhani tumempata mchawi wetu. Tukasafisha kwa mafuta ya taa, tukatia oili mpya. Gia zikawa laini kuliko siku zote, zote mbili. Ya tatu ikakataa vilevile.

Mume wangu akakaa chini, akanyoosha miguu. "Itabidi nirudie baiskeli yangu," akasema. Nilimwona amevunjika moyo kweli. Kule Kunduchi alikuwa na mgonjwa mmoja aliyechomwa mguu na samaki mwenye mwiba, kidonda kilitaka kusafishwa mara kwa mara, na baiskeli isingemfikisha kila alipohitajika.

"Weka stendi," nikamwambia. "Gurudumu la nyuma lisiguse chini. Wewe zungusha gurudumu kwa mkono, mimi nibadilishe gia. Usiwashe moto. Nataka kutazama, si kusikiliza."

Pedali ya gia ilikuwa upande wa kulia. Gia ya kwanza unainua kwa kidole cha mguu, zilizobaki unakanyaga. Nilichuchumaa nikaishika kwa mkono. Nikainua, ya kwanza ikaingia, tukasikia *tak*. Nikasukuma chini, *tak*, ya pili. Nikasukuma tena. Kimya. Mkono wangu haukwenda popote.

Nikaitazama ile pedali. Ilikuwa imelala chini pale pale nilipoiacha.

"Hebu, ukiendesha, ukishakanyaga gia, pedali inarudi juu yenyewe?"

Akafikiri. "Sijui. Mguu wangu unakuwa umeshaondoka."

"Haikurudi. Sasa nikisukuma, nasukuma wapi, na yenyewe iko chini tayari?"

Nikaiinua kwa vidole viwili, polepole, mpaka katikati. Haikugoma, wala haikubadilisha kitu. "Zungusha." Akazungusha gurudumu. Nikasukuma. *Tak.*

Tukatazamana. "Fanya tena," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. Nikainua mpaka katikati, nikasukuma, ikaingia na ya nne. Ile gia haikuwahi kukataa hata siku moja. Ilikuwa ikingojea pedali irudi mahali pake.

Ikawa wazi kwamba ndani kuna kitu ambacho kazi yake ni kuirudisha, na hakifanyi kazi. Tukamwaga oili yetu mpya kwenye sufuria, tukafungua kifuniko cha pembeni. Palikuwa na springi yenye miguu miwili, mmoja umekatika. Kipande nilikiokota chini ya kifuniko, kidogo kama ncha ya sindano ya kushonea magunia.

Jumatatu tulikwenda kwa mzee mmoja wa Kihindi, Mshia, mwenye duka la vipuri karibu na karakana za Chang'ombe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu." Aliigeuza springi kwenye mwanga. "Kama hii sina. Kuagiza Ulaya, mtasubiri meli." Kisha akavuta kopo kubwa lililojaa springi za kila namna, akalimwaga juu ya meza. "Tafuteni. Mimi pia natafuta, nataka kuona kama ipo."

Tuliinamia meza watatu. Wateja waliingia akawaambia wasubiri. Yeye ndiye aliyeipata iliyokaribiana, unene uleule, miguu mirefu kidogo. Akaikata miguu, akaikunja kwa koleo akiilinganisha na ile ya zamani, akakosa, akakunja upya huku akijisemea kwa Kikachi, lugha ya kwao.

Jioni ile tukaifunga springi mahali pake, tukarudisha oili, na jua bado lipo mume wangu aliondoka na pikipiki. Nilisimama barabarani nikisikiliza. Ya kwanza. Ya pili. Halafu sauti ikashuka, ikatulia, ikawa nzito. Na baadaye ikashuka tena. Nilipiga makofi peke yangu, jirani akatoka kuuliza kuna nini.

Yule mgonjwa wa Kunduchi alipona, akatuletea samaki wawili wabichi aina ya changu. Na mimi, kwenye uwanja wa mpira, niliendesha. Mume wangu alikimbia pembeni akipiga kelele, "Klachi! Klachi!" mpaka nilipoingiza ya tatu nikamwacha. Kuna wanawake walioziba midomo kwa kanga. Wengine siku zile walikuja nyumbani kuniuliza inakuwaje.

Alipohamishiwa Dodoma tuliiuza kwa mwalimu mmoja kijana. Nilimweleza kila kitu, jinsi ya kukaza waya, aina ya oili, springi inakaa vipi. Kila nilipomaliza sentensi alimgeukia mume wangu amthibitishie.

"Usiniulize mimi," mume wangu akamwambia. "Mimi naendesha tu."