Damu ya Barica na Vid

Barica Hrelja alikuwa mpishi wa kantini ya maabara yetu pale Zagreb, na damu yake ndiyo iliyotuendeshea kazi. Tulitaka kujua antibiotiki inavyoingia kwenye chembe nyeupe za damu, na chembe hizo hazina subira: zikilala mpaka kesho, hazifai tena. Basi kila tulipohitaji damu mbichi, Barica alipanda ghorofani na aproni yake, akakunja mkono wa blauzi na kuanza kunisema.

"Binti, umekonda. Jana ulikula nini?"

"Supu, mama."

"Supu ya nini? Ya maji?"

Mumewe, Vid, fundi wa mabomba ya joto, aliishia mlangoni. Pande la mtu, lakini akiona sindano anageuka ukutani.

"Mtazameni huyo," Barica alituchekesha. "Ng'ombe akimpiga teke hajali!"

Siku moja Barica aliniuliza dawa inafanya nini huko ndani. Nikamweleza kwamba inapenya utando wa chembe bila shida, inafika kwenye vifuko vidogo vyenye uchachu, na uchachu huo unaibadilisha hata ishindwe kupenya kurudi. Inazidi kujaa humo, mara nyingi kuliko ilivyo nje, na chembe inaibeba hadi penye vijidudu.

"Kumbe kama wageni wangu," akasema. "Wakishaonja štrukli za jibini, hawaondoki."

Kisha, katikati ya baridi kali, daktari akampima na kumkataza: damu imepungua, apumzike, ale maini. Barica alikaa kwenye kiti cha kutolea damu, akalia.

"Sasa mimi wa nini hapa? Wa kuchemsha kabichi tu?"

Vid akaingia kutoka mlangoni, polepole, akavua koti.

"Chukueni yangu."

"Vid, utaanguka, mume wangu."

"Nikianguka utaniokota. Nishike mkono."

Barica akamshika. Vid akafumba macho, jasho linamtoka.

"Tayari?"

"Sijaanza, mzee."

"Basi anza, usiniue kwa kungoja!"

Mchana ule tulizungusha damu yake mashineni, tukatenga chembe nyeupe, tukazichanganya na dawa, tukaziosha na kupima. Dawa ilikuwa imejaa ndani yake vilevile kama ilivyokuwa ikijaa kwenye chembe za mkewe. Nilimwita Barica. Alikuja na unga mikononi, akainamia darubini.

"Hizi ndizo zake?"

"Ndizo."

Alizitazama muda mrefu, hata nikadhani analia tena.

"Nzuri," akasema taratibu. "Nzuri kweli. Usimwambie, ataringa."

Vid alitutolea damu mpaka theluji ilipoyeyuka. Kila mara alitetemeka, na kila mara Barica aliacha sufuria jikoni akapanda kumshika mkono.