Mguu wa Kukanyaga Breki

Nyumbani kwa fundi, hapa Gitega, karakana imemeza nyumba chumba baada ya chumba. Jiliwa la kubania vyuma limekazwa kwenye meza ya kulia, spana zimejaa kabati la vyombo, na boliti za gari la zamani aina ya Pejo zinalowa mafuta ya taa katika bakuli za mboga. Mkewe, Efrazia, alikwenda kwao Muyinga kumzika mama yake, akabaki hukohuko. Ukimuuliza habari zake, fundi hufuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, mpaka uchoke kungoja.

Bulonza, jirani muuza vitenge, alikuja kuazima jeki akasikia sauti uani: "Kanyaga. Shikilia. Achia."

"Fundi, uko na mugeni?"

"Niko peke yangu, mama. Natoa upepo kwenye breki."

Miguu yake tu ndiyo ilionekana chini ya gari. Kazi ile ni ya watu wawili, mmoja afungue nati chini, mwingine akanyage pedali. Kwenye kiti cha dereva hapakuwa na mtu. Pedali ilikandamizwa kwa mpini wa jembe, na fundi alikuwa akitambaa nje kuusogeza, kisha anarudi chini kuuamuru.

Bulonza akavua sandali, akauondoa mpini, akaketi. "Sema, mi ntakanyaga."

Chini spana ikashika nati. Kisha sauti ikatoka, laini, si ile aliyoizoea.

"Kanyaga. Shikilia." Mafuta ya breki yakachuruzika. "Haya, achia, Efrazia."

Bulonza akaachia.