Waziri Alivyovushwa Barabara Silibwet

Safari hii ilianza na simu. Nilikuwa nyuma ya nyumba yangu hapa Ahero nikimbadilishia ng'ombe kamba, simu ikalia, na sauti nikaijua kabla salamu hazijaisha. Alikuwa Mama Cherono wa Silibwet, mama mkwe wa binti yangu Achieng. Kwao Wakipsigis, wazazi wa mke na wazazi wa mume huitana bamwai, na ni jina la heshima. Mimi namwita hivyo, naye huniita hivyo.

"Bamwai," akasema, "waziri ya uchukuzi anakuja kwetu Jumamosi. Wamesema mtu moja tu ya kijiji ndiye ataongea. Kina mama wamechagua mimi, na mimi naogopa. Wewe umeendesha hawa watu. Kuja uniambie wanasikianga namna gani."

Ni kweli niliwaendesha. Mpaka nilipostaafu nilikuwa dereva wizarani Nairobi, na mawaziri kadhaa waliketi nyuma yangu. Kulikuwa na sababu nyingine pia ya kwenda. Chelangat, mjukuu wetu sisi wawili, alikuwa amegongwa na pikipiki akivuka barabara kwenda shule, akavunjika mguu. Nilimwona hospitalini, lakini nyumbani kwao sikuwa nimefika tangu siku ile. Mke wangu akanifungia mchele na samaki wa kukaushwa, nikapangusa vioo vya gari langu kuukuu, nikatoka.

Alhamisi asubuhi niliiacha tambarare ya mpunga na kuanza kupanda. Mtu aliyekula mshahara wa usukani hatazami milima. Hutazama lami, mabega ya barabara, na breki za gari la mbele. Safari hii, kwa kuwa hakukuwa na kiongozi nyuma yangu anayetazama saa, nilijiruhusu kutazama pembeni. Joto la ziwa lilibaki chini. Kila kona hewa iliongezeka ubaridi, mpaka nikasimama kuvaa sweta.

Kapsoit nilisimama tena, kwa chai na mandazi. Mama mwenye hoteli aliniuliza naenda wapi, nami kwa kiherehere cha wastaafu nikamwambia kwamba naenda kumsaidia mtu kuongea na waziri wa uchukuzi. Hoteli nzima ikageuka.

"Mwambie arudishe treni!" akasema mmoja.

"Mwambie bei ya mafuta, baba. Hiyo ndiyo inatumaliza," akasema kijana wa boda.

"Hiyo ya mafuta si yake," nikamjibu. "Hiyo iko wizara ya kawi."

"Na yake ni gani?"

Nikaweka kikombe chini nikamweleza. Reli ni yake, bandari na viwanja vya ndege ni vyake, na sheria za usalama barabarani pia. Barabara zenyewe zimekuwa zikihama. Zamani wizara ya ujenzi ndiyo iliyotengeneza barabara, na waziri wa uchukuzi alishika pia posta na simu. Baadaye barabara zikapewa wizara yao, kisha zikaunganishwa na uchukuzi. Mimi mwenyewe nilibadilishiwa kibao cha mlangoni mara kadhaa bila kubadilisha kiti. Nyuma zaidi, kabla Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki haijavunjika, reli na bandari zilikuwa mali ya nchi tatu kwa pamoja, na hakuna waziri wa nchi moja aliyeweza kuziamuru peke yake.

"Kwa hivyo kama dereva," kijana akasema, "anaendesha vile gari anapewa."

Watu wakacheka. Mimi nikaona nimejibiwa vizuri kuliko nilivyoeleza.

Mchana nilipita Kericho. Marehemu baba yangu alifanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha majani ya chai huko, na mimi nilijifunza kutembea kwenye safu za nyumba za wafanyakazi, ambako Kijaluo, Kikipsigis na Kiswahili vilichota maji kwenye mfereji mmoja. Mvua ya kila siku ilikuwa imeshanyesha na kuondoka. Chai ilikuwa inang'aa mpaka upeoni, wachumaji wamejifunga aproni za plastiki, vikapu mgongoni. Nilishusha kioo nikavuta ile harufu ya majani yanayokaushwa, halafu nikashika njia ya Litein na Kaplong, nikifuata malori ya maziwa na ya majani hadi Bomet.

Jua lilikuwa bado liko juu ya vilima nilipoingia Silibwet. Nyumba ya bamwai iko ng'ambo ya barabara kuu, na shule iko upande huu. Nilipoegesha nilimwona Chelangat amesimama langoni na magongo yake mawili, plasta ya mguu imejaa majina ya wanafunzi wenzake.

"Babu, hakuna nafasi imebaki ya kuandika," akaniambia. "Labda nyuma."

Nikainama nikaandika nyuma, na macho yangu nikayaficha huko huko. Achieng, binti yangu, akaleta maji ya kunawa. Bamwai akaleta kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando, akakitikisa, akanimiminia bilauri mpaka juu. Wanasema mgeni asiyemaliza amekataa nyumba. Nilimaliza.

Ijumaa kina mama walikutana kwenye kibanda cha kupimia majani, baada ya lori la kiwanda kuondoka. Nilidhani tunaenda kufanya mazoezi ya hotuba. Kumbe kulikuwa na vita. Mzee Arap Sigei, aliyekuwa diwani zamani, alisimama na fimbo yake akasema hotuba iwe ni moja tu: lami ya barabara ya kijiji, kutoka hapo kibandani hadi mtoni.

"Zamani waziri alikuwa mbunge," akasema. "Ukimshika mkono ukamwambia lami, anaandika lami. Mimi nimeona na macho yangu."

"Ni kweli, mzee," nikasema. "Lakini siku hizi waziri si mbunge. Rais anamteua, Bunge linamhoji na kumpitisha, na hana eneo la kura. Na barabara ya kijiji ni ya serikali ya kaunti. Mkimwomba hiyo, atasema asante, atawaelekeza Bomet, na nafasi yenu imekwisha."

Nilijua nimemvunja moyo mzee, na haikunipendeza. Akaketi polepole juu ya gunia.

"Sasa yeye anaweza nini hapa?" akauliza mama mmoja.

Bamwai ndiye aliyejibu. Alionyesha kwa kidole barabara kuu, ambayo kutoka kibandani inaonekana yote, na magari yanayoteremka kwa kasi ya mteremko. "Hiyo," akasema. "Hiyo ndiyo ilivunja mguu ya Chelangat. Tuombe matuta, na zebra ya kuvuka. Mtu afike shule."

Mzee Arap Sigei akagonga fimbo chini. "Basi ni hiyo. Ya kijiji tutapeleka kaunti."

Mazoezi yakaanza. Mimi nikakalishwa juu ya mizani nikawa waziri. Bamwai akasimama mbele yangu, akaanza: "Mheshimiwa, hii parapara..." Akasimama. "Umesikia? Ulimi yangu inasema parapara. Nairobi watacheka."

"Bamwai, nimeendesha waziri aliyeita helikopta 'elikota' mpaka siku aliyoondoka ofisini, na bado iliruka."

Wakacheka mpaka mama mmoja akashika nguzo. Mara ya pili alisema vizuri zaidi, mara ya tatu akasahau kunitazama mimi akawa anaitazama barabara, na hapo ndipo ilipokuwa nzuri kabisa.

Jumamosi hema zilisimamishwa uwanjani kando ya barabara kuu. Kina mama walivaa leso za aina moja. Tulingoja. Jua likapanda, wingu likaja, kwaya ya kanisa ikaimba nyimbo zake zote ikarudia ya kwanza. Msafara ulipofika hatimaye, waziri alishuka haraka, mwanamke mrefu mwenye viatu vya chini, akasalimia, akaongea kuhusu mipango ya usafiri. Mara mfawidhi wa mkutano akashika kipaza sauti.

"Kwa sababu ya muda, mheshimiwa ana mkutano mwingine, kwa hivyo hatutachukua maoni kutoka kwa wananchi."

Nilimtazama bamwai. Alikunja ncha ya leso yake, akaikunjua, akaikunja tena. Mzee Arap Sigei aliinuka kupinga, wakamwomba aketi.

Mimi niliondoka hemani nikaenda kule ninakokujua, kwenye magari. Dereva wa waziri alikuwa akipangusa vumbi kwenye bendera. Nilimsalimia kwa lugha yetu ya kazi: nikasifu tairi zake. Tulizungumza kidogo, akagundua niliwahi kushika kazi hiyo hiyo.

"Mama wenu ni msikivu?" nikamuuliza.

"Sana. Lakini akishaketi ndani, simu zinaanza."

Hilo nililijua. Waziri yeyote, wa zamani au wa sasa, ni mtu wa kawaida katika nafasi moja tu: zile hatua kati ya hema na gari. Nikarudi mbio, umri huu wangu, nikamshika bamwai mkono. "Simama hapa. Atapita hapa. Usihutubie. Mwambie jambo moja."

Waziri akaja, walinzi pembeni. Mmoja akanyoosha mkono kumzuia bamwai, naye bamwai akaupokea ule mkono akausalimia kwa adabu kabisa. "Chamgei, kijana." Mlinzi akaitikia salamu, na waziri akacheka, akasimama.

"Mheshimiwa," bamwai akasema, "mimi sitaki kuongea. Vuka tu na mimi hii parapara."

"Nivuke?"

"Mpaka kwa lango yangu. Hapo tu."

Afisa wa polisi akawahi barabarani kusimamisha magari. Bamwai akamkataza kwa sauti aliyokosa siku nzima ya mazoezi. "Hapana! Wakati ya watoto wewe hauko."

Waziri akamwashiria afisa arudi. Basi wakasimama ukingoni, wameshikana mikono, mwanamke wa Nairobi na mwanamke wa chai, na Chelangat akajisogeza na magongo yake akasimama nao. Gari likapita. Lori la majani likapita, upepo wake ukainua leso. Wakapiga hatua, pikipiki mbili zikateremka zikikimbizana, wakarudi. Mwanzoni waziri alikuwa akitabasamu kwa ajili ya kamera. Baadaye nikaona tabasamu limekwisha. Alikuwa ameshika bega la mtoto, akigeuza shingo kushoto na kulia kama sisi wote tunavyofanya. Simu ya msaidizi wake ililia na hakuna aliyeipokea.

Walipofika ng'ambo, umati ukapiga vigelegele. Yeye hakupunga mkono. Aliitazama plasta, akauliza, "Ni hapa?" Bamwai akaitikia kwa kichwa. Waziri akamwita mhandisi aliyekuja naye, na mhandisi naye ikabidi avuke, na yeye pia akangoja. Kina mama walicheka sana kwa hilo.

Sikusikia yote waliyosema pale langoni. Nilisikia waziri akisema hawezi kuahidi siku, kwa kuwa kazi ina utaratibu wake, lakini Jumatatu mtu atakuja kupima. Bamwai akasema, "Kongoi," akamshukuru kwa lugha yake mwenyewe, na ulimi wake haukukwama popote.

Jumapili baada ya ibada nilianza kurudi. Mzee Arap Sigei alinisindikiza hadi garini akanipa kuku, akaniambia nifunge miguu yake vizuri kwa sababu ni mkorofi. Na kweli alikuwa mkorofi. Nilipita Bomet, Kaplong na Litein na kuku akinisemesha, na Kericho ikanipokea kwa mvua. Nilipoteremka tambarare jioni, sweta ilishakuwa kwenye kiti cha nyuma.

Njiani niliwaza kazi niliyoiona kwa miaka kupitia kioo kidogo cha juu ya usukani. Nilikuwa nikidhani waziri wa uchukuzi ni mtu wa meli, treni na ndege, mtu wa kukata utepe. Wizara imebadilishwa jina, imegawanywa na kuunganishwa, na waziri ametoka kuwa mbunge akawa mteule. Lakini chini ya majina hayo yote kuna kazi moja tu: aliyetoka kwake afike anakokwenda. Na mwenye kazi hiyo anahitaji mara moja moja mtu wa kumshika mkono amwonyeshe mahali pa kusimama.

Mpimaji hakuja Jumatatu ile, alikuja baadaye. Kisha kukawa kimya kirefu, mpaka bamwai akaacha kulitaja jambo hilo kwenye simu, nami nikaacha kuuliza. Halafu juzi, wakati wa kutoka shule, simu ikalia.

"Babu," akasema Chelangat, anapumua kwa haraka kama aliyekimbia, na kukimbia kwenyewe kulikuwa habari. "Wameweka matuta. Na mistari nyeupe. Leo nimevuka."

"Magari yalisimama?"

"Yalisimama yote. Hata lori ya majani. Dereva alinipungia mkono, babu, na mimi nikatembea pole pole tu."