Paka wa Stoo Alipotundikiwa Dripu

Mwaka 2020, nikiwa na miaka hamsini na nane, mpaka wa Kenya ulifungwa kwa korona na mahindi yangu ya kuuza yakaoza stoo, Busia upande wa Uganda. Mume wangu akafa mwaka huohuo. Nilianza upya peke yangu, na elimu yangu ya darasa la tatu, na paka mmoja. Mteja akiona tundu la panya kwenye gunia anakwenda kwa mwingine. Kwa hiyo paka ndiye aliyenilisha, si mtoto, si serikali.

Mwaka jana akala panya mwenye sumu. Asubuhi nilimkuta chini ya mizani, anatetemeka, povu mdomoni. Daktari wetu wa ng'ombe hakumgusa hata. Akasema mambo ya paka nivuke nayo Kenya, kuna kliniki mpya. Nikamtia kwenye kikapu, nikamfunika leso, nikavuka.

Kliniki imo ndani ya duka ambalo zamani liliuza dawa ya kupe tu. Sasa limejaa chakula cha mbwa, shampuu, na vitanda vya paka. Mimi nililala kwenye mkeka mpaka nikazaa mtoto wa pili.

Msichana wa kuandikisha akauliza mgonjwa anaitwa nani. Nikamwambia ni paka. Akasema hata paka lazima awe na jina.

"Basi andika langu. Huyu akifa, nimekwisha."

Kijana mmoja, amepakata mbwa aliyevalishwa sweta, akacheka. "Shosho, bibi yangu, si uokote mwingine pale soko? Ni wa bure."

"Na huyo wako analinda nini?"

Akamshika mbwa wake vizuri.

Walimtundikia dripu. Nililipa pesa ya gunia zima, nikakaa kwenye benchi. Niliomba vilevile nilivyomwombea mume wangu, na ile mara sikupewa kitu, kwa hiyo niliomba bila kutegemea. Mwishowe daktari akatoka, akasema atapona ila macho yamekwenda. Nikamuuliza paka kipofu atakamata panya vipi. Akasema kwa masikio, labda. Hiyo labda ndiyo niliyorudi nayo nyumbani.

Leo nina stoo moja ya bati. Nina mizani, baiskeli mbili, shamba dogo kijijini Paya, ng'ombe mmoja wa maziwa. Nina paka kipofu, nampeleka chanjo kila mwaka, na mitego sita inayokamata panya badala yake.