Kisanduku Kilichomwamkia Mama

Waliommaliza mama yangu nawajua. Ni bwana mkubwa wa mradi, aliyepanda huku kwetu Ufipa kwa gari jeupe, na diwani wetu aliyempigia makofi.

Mama alikuwa amepigwa na kiharusi, upande wa kushoto ukalegea. Daktari wa misheni alinieleza waziwazi: asipotembea kila siku ataishia kitandani. Mama hataki. Nikimsihi kwa Kifipa, lugha yetu ya nyumbani, jibu lake moja, "Niache niote jua."

Ndipo mradi ule, uliokuja kufanya utafiti, ukagawa visanduku vya kuvaa shingoni, vya kuwahimiza wazee wafanye mazoezi. Mzee akikaa sana, sauti ya msichana inatoka mle: "Shikamoo bibi. Tumekaa mno. Twende kidogo." Siku ya kwanza mama alishtuka, akashika mkongojo, akasimama. Kwake yeye Kiswahili kilikuwa cha karani, hakimu na mtoza kodi. Kikikuita, huwezi kubaki umekaa. "Marahaba," akaitikia, akajikokota mpaka kwenye shamba la ulezi.

Majirani wakamcheka. "Bibi, mjukuu wako wa plastiki anakuita!"

"Bora huyu anaamkia," akawajibu. "Wenu wakija kutoka Sumbawanga ni mambo, mambo. Mambo gani?"

Mguu ukaanza kupata nguvu. Ikafika hadi anakwenda kisimani peke yake. Basi gari jeupe likarudi.

"Utafiti umekwisha, mama," bwana mkubwa akasema, huku anamvua kisanduku.

"Umekwisha, na mguu wangu je?"

Diwani akacheka. "Mama, mshukuru mgeni."

Akashukuru. Kwa Kiswahili, tena kasimama.

Kesho yake alikaa ukutani, anangoja kuamkiwa. Nikambembeleza kwa Kifipa, wapi! Nikaona nijaribu kwa Kiswahili cha kisanduku: "Shikamoo mama. Tumekaa mno. Twende kidogo."

Akanitazama, akacheka mpaka akakohoa. "Leo na wewe umekuwa karani? Niache niote jua."

Nilirudia kila asubuhi, hata sauti nikaifanya nyembamba kama ya yule msichana. Hakuinuka. Mguu ukavimba, mgongo ukatoka vidonda, na mvua zilipoanza tukamzika.

Msibani diwani alisimama akasema ni uzee. Uzee gani? Uzee haukuja na gari kumvua mama yangu kitu shingoni.