Mama alikuwa somo moja tu mbele yangu: nilivyosomea nyumbani Ufipa enzi za Ujamaa

Wakuu, heshima kwenu. Kama humu kuna walionizidi umri, shikamooni.

Juzi nimeona mdau analalamika. Mtoto wake anaumwa, hatakwenda shule kwa miezi, na yeye ni "la saba tu", hawezi kumfundisha nyumbani. Nikasema leo niandike. Sipambi wala siongezi, haya yamenipata mimi mwenyewe.

Mimi ni mama wa miaka sitini na ushee, naishi Katandala, huku huku Ufipa. Miaka hiyo tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha Ujamaa upande wa Laela. Nyumba zimepangwa mistari, shule iko mwendo wa saa nzima kwa miguu.

Nilikuwa nimemaliza la kwanza. Siku ya kupanda mahindi nikadandia mkokoteni wa ng'ombe, nikateleza, gurudumu likapita juu ya paja.

Hospitali wakanifunga plasta. Mfupa ukaunga vibaya, wakaanza upya. La pili yote ikanipita nikiwa nimelala.

Baba hakuwa mtu mbaya, ila alishakata tamaa. Nilimsikia akimwambia mama, "Huyu akae nyumbani aangalie wadogo zake. Akipona atakuwa mkubwa, ataona aibu kukaa na watoto wa la pili."

Mama akajibu, "Nitamfundisha mimi."

Baba akacheka. Si kwa dharau, alishangaa kweli. Maana mama mwenyewe ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusoma! Alikuwa anakwenda kisomo cha watu wazima, mchana, akitoka shamba. Kuandika jina lake alikuwa amejua miezi michache tu nyuma.

"Sasa wewe utamfundisha nini?"

"Nilichojifunza jana."

Na ndivyo ilivyokuwa, wakuu. Leo mnaita homeschooling. Kwetu ilikuwa mlango wa jikoni uliopakwa masizi, na chaki ilikuwa kipande cha muhogo mkavu. Mimi nimelala kwenye mkeka, plasta mpaka kiunoni.

Kiswahili tulisoma kitabu chake cha kisomo, ambacho kilihusu kilimo bora. Wenzangu shuleni wanasoma habari za sungura, mimi nasoma habari za samadi. Na nyumbani tulikuwa tunaongea Kifipa, kwa hiyo Kiswahili chenyewe tulikuwa tunakitafuta wote wawili.

Siasa alinisimulia yaliyosemwa mkutano wa kijiji, halafu ananiuliza maswali. Sayansi aliotesha mahindi na ulezi kwenye sufuria mbovu, nikawa napima miche kwa kijiti kila asubuhi. Ule ulezi niliupenda kama mtoto wangu.

Hesabu ilikuwa maharage. Kujumlisha na kutoa hakukutusumbua.

Tukafika kugawanya. Kumi na saba kwa tano. Mama akapanga mafungu, maharage mawili yakabaki pembeni. Akayahamisha huku, akayahamisha kule. Nikaona machozi yanamlenga.

"Sijui haya mawili yanakwenda wapi," akasema. "Kesho ni kisomo. Nitauliza."

Kesho yake nikamwona anakuja kama anakimbia, jembe begani.

"Yanabaki! Mwanangu, yanaruhusiwa kubaki!"

Tulicheka mpaka jirani akaja kuchungulia.

Mwaka ulipoisha, plasta ilishatoka, natembea kwa fimbo. Baba akanipakia kwenye baiskeli, mama akatembea nyuma yetu, tukaenda shuleni.

Mwalimu mkuu akasema bila ukali kwamba nitaanza la pili. Nikamwona baba anainamisha kichwa, na nikajua akisema "basi, turudi nyumbani", shule yangu imeishia pale.

Mama akasema, "Mwalimu, naomba umpime kwanza."

Mwalimu akanipa kitabu cha la tatu. Nikasoma ukurasa mzima. Akanipa hesabu, nikakosa moja. Akaniuliza mwenyekiti wa kijiji anachaguliwaje, nikajibu mpaka akatabasamu.

"Nani amekufundisha?"

"Mama."

Akamgeukia baba. "Mzee, kuna mwalimu anakuja pale nyumbani?"

Baba alikuwa ameshika kofia mkononi. Akanyoosha mgongo. "Hakuna mwalimu mwingine. Ni huyu mke wangu." Halafu akamwambia mama, taratibu, "Mama Sesilia, hebu mwandikie aone."

Mama akachukua chaki. Ilikuwa mara yake ya kwanza kushika ya kweli mbele ya ubao wa watoto. Akaandika polepole, herufi zinapanda mlima:

*Mwanangu anaingia darasa la tatu.*

Mwalimu mkuu akausoma ule mstari. Akavuta daftari la mahudhurio la darasa la tatu, akaandika jina langu.

Mguu haukunyooka, hadi leo nachechemea. Lakini nilisoma, nikawa mwalimu, nimestaafu salama. Mama yupo, tunaishi naye. Masikio yamepungua ila akili iko palepale.

Kwa yule mdau: ndugu yangu, mtoto wako hahitaji mzazi anayejua kila kitu. Anahitaji mzazi asiyeona haya kusema "sijui", akainuka kwenda kuuliza. Anza na unachokijua leo.

Nyie wengine, nani alifundishwa nyumbani? Na anayemfundisha mtoto sasa hivi, somo gani linamkwamisha? Mwageni hapa, walimu wastaafu tupo, tutasaidiana.