Nyasi za Zita hazimo kwenye fomu

Saa tatu asubuhi Zita Mwananjela anainama, anaokota nyasi za kujaa mkono kati ya zile zilizolala chini tangu juzi, anazisokota karibu na sikio. Zikilia, zimekauka. Zikinyamaza, umande bado umo, na nyasi zikifungwa na umande huoza kabla ya Agosti.

Leo zinalia.

"Leteni sanduku," anasema.

Ni sanduku la mbao lisilo na kitako wala kifuniko. Ndani zimetandikwa kamba mbili za katani. Mumewe, Kalisti, mwenye miaka 58, anavua viatu, anaingia na kuanza kukanyaga nyasi anazorushiwa na shemeji yake Monika, mdogo wa Zita.

"Kanyaga, shemeji! Mbona unanyata kama mwizi wa kuku?"

"Miguu hii imezeeka. Ya kwako mipya, ingia wewe."

"Nikiingia mimi, utasema nini kimekuumiza kiuno?"

Kamba zinakazwa, sanduku linanyanyuliwa, robota linabaki chini: kilo kumi na tano hivi, za kutosha ng'ombe mmoja kwa siku mbili akichanganyiwa mabua ya mahindi. Zita hacheki na wenzake. Kila baada ya dakika chache anainua macho kutazama bondeni, linakochungwa kundi la ng'ombe zaidi ya tisini.

Ana sababu.

Zita, 52, na Kalisti wanaishi Kasonteka, kijiji cha wilaya ya Nkasi kilicho kando ya barabara iendayo Namanyere. Wanalima mahindi, maharage na ulezi kama majirani zao. Tofauti yao ni ekari mbili za nyasi. Walizipanda miaka sita iliyopita, wakazitia samadi, na hawachungi ng'ombe humo. Huzikata Mei, mvua zikiisha, kabla upepo wa kiangazi haujazigeuza makapi.

Mwanzoni walichekwa. Kwa Wafipa, kazi ya nyasi inajulikana: hufukiwa kwenye ntumba, yale matuta ya mviringo, zikaoza na kuwa mbolea.

"Mfipa hafungi nyasi, anazifukia," anasema jirani yao, mzee Nestory. "Mimi nilimwambia, binti yangu, unainyima ardhi chakula."

Hesabu ya Zita ilikuwa nyingine. Kuanzia Julai hadi mvua za Novemba ni siku zaidi ya mia na thelathini, na uwandani hakuna jani bichi. Ng'ombe wake watatu wanahitaji marobota mia mbili kuvuka kipindi hicho. Shamba linampa mia mbili na sitini. Ya ziada huyauza kwa wafugaji wa maziwa mjini.

Jumapili moja ya Mei mwaka jana, nyasi zote zilikuwa zimekatwa, zimegeuzwa, zimekauka. Zilibaki kufungwa tu. Familia ikaenda misa.

"Jumapili hatufungi nyasi," anasema Zita. "Mungu alitupa siku sita, na sita zinatosha kama watu watakuacha."

Walirudi saa saba mchana. Ng'ombe wale wa bondeni, mali ya Adolfu, mfanyabiashara wa nafaka anayeishi Sumbawanga, walikuwa katikati ya shamba. Walichokula kilikuwa kimeliwa, na kilichobaki kilikuwa kimekanyagwa na kuchanganyika na mavi. Mchungaji wake alikuwa ameketi juu ya sanduku la mbao.

"Nikamuuliza, baba, hujaona kwamba hizi zimekatwa? Akanijibu, 'Mama, hizi ni nyasi. Ng'ombe wanakula nini, wali?'"

Kesho yake alikwenda ofisi ya kijiji. Mtendaji wa kijiji, Lutengano, kijana kutoka Mbeya mwenye umri wa miaka 34, alimwamkia shikamoo, akamkaribisha kiti, akatoa fomu ya tathmini ya uharibifu wa mazao. Fomu ina mistari ya mahindi, maharage, ulezi, alizeti, karanga, viazi na muhogo. Nyasi hazimo. Mtendaji alipekua ukurasa wa pili, akarudi wa kwanza, kisha kwenye nafasi ya jumla akaandika sifuri.

Halafu akampa ushauri.

"Aliniambia, 'Mama, mwakani panda humo hata mistari miwili ya maharage. Wakiingia tena, mimi nitaandika maharage,'" anasema Zita. "Nikamwambia, ng'ombe wale hawakula maharage. Unataka niseme uongo ndipo unilipie ukweli?"

Kijijini jambo hilo likawa mzaha. Kilabuni walisema kumshtaki ng'ombe kwa kula nyasi ni sawa na kumshtaki mbwa kwa kubweka. Adolfu hakufika kijijini hata siku moja. Alituma salamu kwamba anampa Mama Zita pole.

Pole hailishwi ng'ombe. Kufikia Septemba, ng'ombe wa Zita walikuwa wakila mabua matupu. Mmoja wao, aitwaye Sikujua, aliyekuwa na mimba ya miezi saba, alianguka mwishoni mwa Oktoba. Kwa siku tatu Kalisti na majirani walimnyanyua kwa miti, akasimama, akaanguka tena. Alikufa tarehe 4 Novemba. Mvua ilinyesha siku tisa baadaye. Maziwa ya wawili waliobaki, yaliyokuwa lita kumi na mbili kwa siku, yalikuwa yameshuka hadi lita mbili na nusu. Lita moja huuzwa shilingi 1,200.

Wakati wa kutafuta kadi ya chanjo ya Sikujua, Zita alikuta karatasi aliyokuwa ameisahau. Ni kibali cha kusafirisha mazao ya kilimo, cha Julai mwaka juzi, alipopeleka mzigo wa mwisho mjini. Kimeandikwa: "Aina ya zao: majani makavu. Kiasi: marobota 60." Chini yake pana mhuri wa kijiji na saini ya Lutengano.

Alhamisi iliyopita Zita aliiweka karatasi hiyo mbele ya halmashauri ya kijiji. Mwenyekiti, Beda, aliisoma kwa sauti, akaisoma tena kimoyomoyo.

"Mtendaji, saini hii ni yako?"

"Ni yangu, mwenyekiti. Lakini hicho ni kibali tu. Bila kibali wangemzuia kwenye kizuizi cha barabarani."

"Wangemzuia kwa sababu gani?"

"Kwa kusafirisha zao bila kibali."

Watu walicheka. Zita alisubiri wanyamaze.

"Kwa hiyo zikiwa juu ya gari ni zao," alisema. "Zikiwa tumboni mwa ng'ombe wa Adolfu ni pori. Nionyesheni ni wapi njiani zinapobadilika."

Halmashauri iliamua kwamba kuanzia mwaka huu mifugo itakayoingia kwenye shamba la nyasi za kukatwa itahesabiwa imeharibu zao. Kuhusu mwaka jana, muhtasari unasema shauri "limepitwa na wakati". Sikujua hakutajwa.

Gazeti hili lilipomuuliza Lutengano kwa nini aliandika sifuri, alijibu kwamba fomu hutoka wilayani na yeye hana mamlaka ya kuongeza mstari.

Jibu hilo ni sahihi. Lakini mwenye mamlaka hayo yuko kwenye ofisi ya wilaya, Namanyere, safari ya saa moja kwa gari, na kwa mwaka mzima hakuna aliyemwandikia.

Shambani, kufikia adhuhuri, marobota yamefika thelathini na moja. Zita amekubaliana na mfugaji mmoja wa Namanyere kumpelekea sitini mwishoni mwa mwezi, na kibali cha safari hiyo bado hakijaandikwa.

"Nitasimama mezani kwake mpaka aandike kwa mkono wake: zao, majani makavu," anasema, huku akitazama bondeni. "Kisha nitapanda juu ya nyasi hizohizo mpaka Namanyere. Nikishazishusha, nitapeleka wilayani vibali viwili na kadi ya Sikujua, niwaulize mstari wangu uko wapi."

Anaokota nyasi nyingine, anazisokota, anasikiliza.

"Leteni sanduku."